Mwewe Hashindwi

Msomaji, usihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Haipo. Na jirani yako akikwambia anaijua, mwombe anyamaze, maana watu wanaoijua huwa hawadumu mtaani. Mimi ni mwananchi mtiifu tu. Naeleza mema ya serikali yetu kama nilivyoyaona kwa macho yangu, na mengine kama nilivyosimuliwa na mpishi wa Ikulu, ambaye hasemi uongo isipokuwa akiulizwa habari za nyama.

Basi, Bunge letu lilipitisha kwa makofi ununuzi wa helikopta ya kivita ya kisasa. Waziri wa Ulinzi, Jenerali Mstaafu Gwimile, akasafiri ng'ambo kwenda kuinunua. Akarudi. Helikopta haikurudi. Muda si mrefu ikachomoza hoteli ya ghorofa kule kilimani, yenye jina la mke wa Waziri na paa bapa kabisa. Sisi wenye akili tukaelewa: huwezi kuleta helikopta kabla hujaiandalia pa kutua. Wasioelewa walipelekwa kueleweshwa, na wengine wanaeleweshwa mpaka leo.

Shida ni kwamba Mtukufu Rais alikuwa mtu wa kupenda kuona. Asubuhi moja, akinywa uji, akamwambia Waziri:

"Gwimile, nataka kuiona helikopta yangu."

"Ipo mafunzoni, Mtukufu."

"Basi niione ikifunzwa. Wiki ijayo."

Waziri alitoka akitembea vizuri tu, lakini mpishi anasema alisahau kofia yake mezani. Kwa jenerali, kusahau kofia ni sawa na mtu mwingine kusahau suruali.

*

Hapa lazima nimlete Pazi Mlekwa.

Katika nchi yetu filamu ya kigeni haitazamwi hivi hivi. Tuna vibanda umiza, yaani mabanda ya mabati yenye mabenchi yasiyo na huruma, na mbele yake hukaa mtu na kipaza sauti, akiwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Usidhani anatafsiri. Angetafsiri kama angeijua lugha yao. Yeye hutazama midomo ikicheza, akaamua mwenyewe wanasema nini. Pazi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa na sauti saba: ya mtoto, ya mke mwenye wivu, ya tajiri, ya jambazi, ya mzee mwenye pumu, ya jenerali, na ile iliyompa umaarufu, sauti nzito ya rubani aliyemwita Sajenti Mbaruku.

Sauti yake mwenyewe, ya nane, ilikuwa nyembamba, ya puani, yenye kigugumizi. Hakuna aliyelipa kiingilio kwa ajili ya sauti hiyo. Aliyeipenda ni mama yake tu, Bi Siwema, aliyekuwa akiishi mbali kule Bonde la Mtimbo.

Wakati huo Pazi alikuwa akisimulia tamthilia moja ya zamani ya kigeni, kuhusu helikopta nyeusi ya jeshi. Helikopta ile iliruka kasi kuliko ndege, ilisikia minong'ono kupitia ukuta, na ilificha mizinga ndani ya mbavu zake. Pazi akaipa jina la Mwewe. Jangwa la huko akaliita Nyika ya Mashariki, na maadui akawaita "wale wa ng'ambo ya mto", ili kila mtu achague jirani anayemchukia.

Dereva wa Waziri alikuwa mteja mkubwa wa kibanda kile. Alipomwona bosi wake akilowa jasho ndani ya gari lenye kiyoyozi, akamwambia, "Mzee, kama shida ni helikopta, mbona mtaani kwetu ipo?"

Jenerali alikuja kibandani kwetu amevaa kofia ya kuchezea mpira, akaketi benchi la nyuma. Nilikuwepo. Alitazama mpaka mwisho, Mwewe alipolipua ghala la adui na kupotelea mawinguni, na machozi yakamtoka. Taa zilipowashwa akamshika Pazi mkono.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii ndiyo niliyoinunua."

"Mh-mh-mheshimiwa, hii ni sinema tu."

"Nyamaza. Kuanzia sasa ni Kikosi cha Anga."

*

Ikulu palitengenezwa ukumbi. Mbele runinga kubwa kama mlango wa ghala, katikati kiti cha Mtukufu, pembeni mawaziri, na nyuma ya pazia Pazi na kipaza sauti chake. Waziri alieleza kwamba picha zinatoka moja kwa moja kwenye pua ya Mwewe. Hakuna aliyeuliza ni nani basi anayempiga picha Mwewe mwenyewe akiwa angani. Katika nchi yetu swali la namna hiyo unalijibu ukiwa umefungwa kitambaa machoni.

Mtukufu alitazama, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Gwimile. Mbona rubani ni mzungu?"

Mpishi, aliyekuwa amesimama na sinia la sambusa, anasema Waziri alichukua sambusa mbili kwa mpigo, akazishika bila kula. Ndipo sauti nzito ikatoka ndani ya runinga: "Mtukufu, hii ni ngozi ya kificho! Tumepakwa dawa. Rada ya adui haituoni!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Waziri wa Afya akasimama kueleza kwamba dawa hiyo ilivumbuliwa na wizara yake. Baadaye rubani alipombusu mwanamke mmoja kwa muda mrefu, na Askofu wa Ikulu akaanza kukohoa, Sajenti Mbaruku akafafanua kwamba anapokea siri ya taifa, na siri kubwa hazitamkwi kwa sauti. Helikopta ilipopita juu ya milima iliyojaa theluji, akatangaza, "Hapa chini ni Bonde la Mtimbo, Mtukufu. Pamba imekubali mwaka huu!" Waziri wa Kilimo akapongezwa papo hapo, naye akapokea pongezi kwa unyenyekevu, ingawa kiwanda cha kuchambua pamba cha Mtimbo kilikuwa kimefungwa kwa kukosa pamba.

Tangu hapo "Taarifa ya Mwewe" ikawa inaonyeshwa kwenye runinga ya taifa na kutangazwa redioni kila Jumapili baada ya habari. Sisi tuliokwisha kuiona kibandani tulishangaa sana jinsi wageni walivyokuwa na wivu, mpaka wakaiba matendo ya jeshi letu kabla hayajatendeka.

*

Kisha Waziri wa Maji, mtu asiyejua wakati wake, akasimama katika Baraza akasema tuta la Mto Mtimbo limeoza, na mvua za masika zikija litapasuka.

"Tuta?" Mtukufu akamwuliza. "Mimi nina Mwewe, halafu unaniambia habari za udongo? Maji yakija, Mwewe atawanyakua watu wangu kama kuku anavyonyakuliwa."

Mawaziri wakacheka, kwa sababu sote tunajua mwewe akinyakua kuku humpeleka wapi, lakini waliwahi kugeuza kicheko kikawa kikohozi. Saruji ya tuta ikagawanywa kila wilaya ijenge duara la kutua Mwewe. Mtimbo walipata duara zuri kuliko yote. Wananchi wakaanika muhogo juu yake, mpaka walipokatazwa.

Mkuu wa Wilaya ya Mtimbo, Bwana Chilongani, akaongeza juhudi zake binafsi. Alitangaza kwamba katika nchi yenye Mwewe, mtu kuvuka mto kwa mtumbwi ni kuidhalilisha teknolojia ya taifa. Mitumbwi yote ikakusanywa, ikafungiwa ndani ya kile kiwanda cha pamba, ikawekewa lakiri ya serikali. Akapandishwa daraja.

Maji hayatazami runinga. Masika yalikuja, tuta likapasuka, mto ukaingia majumbani. Bwana Chilongani alikuwa ameondoka kuhudhuria semina ya kukabiliana na mafuriko, katika hoteli ile yenye paa bapa. Watu wakakimbilia mahali pekee palipobaki juu ya maji, yaani bati la kiwanda. Bi Siwema alikuwa miongoni mwao, na redio yake ndogo ameifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Redio ikawapa maagizo: tulieni hapo hapo, Mwewe anakuja. Wakatulia. Hawakuwa wajinga, msomaji, usiwacheke. Walikuwa wamemwona Mwewe kwa macho yao kila Jumapili. Maji yalijaa kiwanda, na mitumbwi yao iliyofungiwa humo ikaelea, ikapanda pamoja na maji, mpaka ikawa inagongagonga bati chini ya makalio yao. Walikuwa wanaisikia. Lakini mgambo mmoja, Lwiza, alikuwa amepanda na bunduki yake, akawakumbusha kwamba kuvunja bati la serikali ni kuhujumu uchumi. Na ukuta wa kiwanda, ambao ni wa matofali ya udongo, ukaanza kutoa sauti.

*

Pazi alipopata habari alikwenda ofisini kwa Waziri anakimbia.

"Mh-mheshimiwa, ma-mama yangu yuko juu ya paa la Mtimbo."

"Hongera," akasema Jenerali Gwimile, akimpa kanda. "Basi leo utasimulia kwa hisia."

Maana Mtukufu alikuwa ameamua kuongoza uokoaji mwenyewe. Alikuwa ameketi ukumbini amevaa sare ya anga yenye nishani mpya, ameshika simu ya upepo ya kuzungumza na Mwewe, ambayo waya wake uliishia nyuma ya pazia. Redio ya taifa iliunganishwa ili wananchi wasikie. Kanda ilikuwa ile ya vita baharini. Palikuwa na maji mengi, na meli kubwa imejaa watu wanaopunga mikono.

"Sajenti Mbaruku, uko wapi?" akauliza Mtukufu.

"Juu ya Mtimbo, Mtukufu. Lile kubwa ni kiwanda cha pamba."

"Kimekuwa kikubwa hicho!" Mtukufu akafurahi. Waziri wa Viwanda akasimama, akainama, akaketi.

Pazi alikuwa amepanga jambo lake njiani. Katika nchi nzima hakuna aliyesikilizwa na Mtukufu kama Sajenti Mbaruku, na Sajenti alikaa kooni mwake. Akasema kwa ile sauti nzito, "Mtukufu, upepo ni mkali mno. Mwewe hawezi kukaribia. Naomba amri yako wananchi wavunje bati, watoe mitumbwi yao."

"Mwewe hashindwi, Sajenti. Nimemwona mwenyewe akipita katikati ya moto."

"Mtukufu, mafuta yameisha."

"Yaliisha pia mwezi uliopita, ukaruka kwa nguvu ya uzalendo."

Ni kweli. Pazi aliisema mwenyewe, na kibandani tulimpigia makofi. Sasa ikamkaba. Akatoka kwenye sauti ya Sajenti akaingia ya jenerali: "Mtukufu, hapa Makao Makuu ya Anga. Tunaomba kwa heshima, tunaomba sana, mitumbwi ifunguliwe. Watu watakufa."

Mtukufu akafikiri. Ukumbi mzima ukasaidia kufikiri.

"Sawa," akasema. "Nimekubali. Mwewe aibebe hiyo mitumbwi, awapelekee."

Mawaziri waliruka kwa makofi. Mmoja alilia akisema hekima kama hii huja mara moja katika karne. Kwenye kanda watu wa melini wakazidi kupunga, muziki ukapanda, na Mtukufu akapiga paja. "Wameokoka! Mtangazaji, watangazie wameokoka wote!"

Nyuma ya pazia Pazi alimsikia mtangazaji akianza kutangaza. Alielewa kwamba likishasemwa hilo, hakuna mtu atakayekwenda Mtimbo tena, maana mtu haokolewi mara mbili. Akaiacha sauti ya jenerali, akaiacha ya Sajenti, akaziacha zote, akakikumbatia kipaza sauti.

"Ma-ma-mama. Ni mimi. Ha-ha-hakuna Mwewe. Hajawahi kuwapo. Vu-vunjeni bati, mama. Mi-mitumbwi iko chini yenu."

Mtukufu akaishusha simu ya upepo.

"Huyo ni nani?" Mtukufu akauliza.

"Adui, Mtukufu!" Gwimile akapaza sauti, kofia yake ikaanguka. "Wale wa ng'ambo ya mto wameingilia mawimbi yetu!"

"Mwewe ampige!"

Na kwa bahati ambayo serikali yetu imekuwa nayo siku zote, ndani ya kanda helikopta ikageuka, ikafyatua, na boti la maharamia likapasuka vipande. Makofi yakaanza upya. Mpishi anasema hata yeye, aliyekuwa akiona miguu ya Pazi chini ya pazia, alijikuta anapiga makofi na sinia mkononi.

*

Juu ya bati la Mtimbo, mgambo Lwiza akainua bunduki.

"Mmemsikia adui anavyotuchochea? Tulieni. Sajenti amesema yuko juu yetu."

Wote wakatazama juu. Kulikuwa na mawingu.

"Adui wa nani?" akasema Bi Siwema. "Huyo nimemzaa mimi. Kigugumizi hicho alikipata baada ya surua, nikazunguka naye kwa waganga mpaka viatu vikaisha. Mwanangu ana sauti saba za kuwadanganyia watu, na moja ya kunililia mimi. Hebu nipeni panga."

"Bibi, nitapiga risasi."

"Piga, baba. Mimi nimeshaambiwa nimeokoka."

Akaingiza panga kwenye maungio ya bati, akalibandua. Vijana wakamsaidia. Lwiza alisimama anaelekeza bunduki huku na huku, kisha ukuta wa upande wake ukapasuka, naye akaitupa bunduki majini akawa wa kwanza kuingia mtumbwini. Wakapakiana, wazee na watoto kwanza baada ya Lwiza, wakapiga makasia mpaka mlimani. Mwenyekiti wa tawi la chama peke yake alikataa. Alisema yeye ni kiongozi na hawezi kuiaibisha serikali, akabaki anapunga bendera akiangalia juu. Ukuta ulipoanguka alikuwa bado anapunga, na mimi hapo, msomaji, sina mzaha wa kusema. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

*

Mwewe alitunukiwa nishani, ikavalishwa runinga.

Kisha ukaanza msako wa sauti ya nane. Ilirekodiwa, ikachezwa katika vituo vyote vya polisi, na wenye vigugumizi wakakamatwa nchi nzima. Naibu Waziri wa Elimu alikaa rumande wiki kadhaa kabla hajamaliza kutaja jina lake. Bungeni wabunge wenye tatizo hilo wakawa wanachangia hoja kwa kuimba, kwa kuwa mtu akiimba hagugumizi, na kwa mara ya kwanza mijadala yetu ikawa inasikilizika. Polisi walikuja mpaka kibandani kwetu. Wakatuchezea ile kanda. Mabenchi yote yaliijua sauti ile kama tunavyojua kikohozi cha baba zetu, na mabenchi yote yakasema huyo ni wa ng'ambo ya mto, lafudhi inamsuta.

Jenerali Gwimile hakuweza kumkabidhi Pazi kwa polisi, maana bila Pazi hakuna Mwewe, na bila Mwewe kuna swali. Akamwita pembeni.

"Ile sauti yako ni mhalifu wa taifa," akamwambia. "Nisiisikie tena, hata ukinunua nyanya. Ukiota ndoto, ota kama Sajenti."

Kwa hiyo Pazi akawa ananunua nyanya kama Sajenti Mbaruku na kubishana na mwenye nyumba kama tajiri. Akipishana na askari alikuwa mzee mwenye pumu. Mtaani tulimwitikia kwa kila sauti bila kucheka. Tulimhurumia sana, na tulijionea aibu, lakini hatukusema.

Alipopata ruhusa alikwenda kumwona mama yake. Watu wa Mtimbo walikuwa wamewekwa kwenye mahema mlimani, wakisubiri kutembelewa na Mtukufu. Langoni palikuwa na askari wawili ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza kila mgeni anavyosalimia. Bi Siwema aliitwa, akaja na kanga yake ile ile ya siku ya mafuriko, akasimama mbele ya mwanawe.

"Shikamoo, mama," akasema Pazi, kwa sauti nzito ya rubani.

Yule mama akamtazama. Akawatazama wale askari.

"Marahaba, Sajenti," akajibu. "Karibu ndani."

Ndani ya hema alishusha turubai la mlangoni, akaiwasha redio, akaongeza sauti mpaka mwisho. Ilikuwa Taarifa ya Mwewe, ambayo Pazi aliirekodi kabla ya safari. Sajenti Mbaruku alikuwa akilitangazia taifa kwamba Mwewe amedondosha chakula katika mahema yote, na wananchi wameshiba mpaka wanasaza.

Bi Siwema akamsogelea mwanawe, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Sasa sema," akamwambia.

Pazi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Ma-ma-mama," akasema. "Ni-nina njaa."

"Hata mimi, mwanangu," akasema mama yake.